Jani la Dawa na Amri ya Mungu

Somo kwa wakatekumeni wa vijijini



Kila mwaka, tufikapo mafundisho ya Amri ya kwanza ya Mungu, swali moja halikosi kuulizwa. Mara huuliza kijana, mara huuliza mzee, lakini maana yake ni ile ile: «Mwalimu, mimi nataka kubatizwa. Je, yanipasa kuyatupa majani ya dawa aliyonionyesha bibi yangu? Au mkristu aweza kunywa dawa ya mizizi?»

Swali hili ni jema, tena si dogo. Wako watu wanaoogopa ubatizo kwa sababu wanadhani kwamba wataachwa bila msaada siku watoto wao watakapougua. Wako na wengine waliokwisha kubatizwa, ambao mchana ni wakristu kanisani, na usiku huenda kwa mfumu kwa kujificha. Wale wa kwanza wanakosa kwa hofu. Hawa wa pili wanakosa kwa kuwa na mioyo miwili. Basi leo tutafute jibu la kweli, ili mtu asiache kitu chema ambacho Mungu amempa, wala asishike kitu kibaya ambacho Mungu amekikataza.

I. Ni nani aliyeziumba dawa?

Mmejifunza kwamba Mungu ndiye Muumba wa vitu vyote. Majani, magome, mizizi na mbegu ni miongoni mwa vitu hivyo. Uchungu wa jani chungu, ukali wa tangawizi na utelezi wa shubiri vyote vimetoka katika mkono wake. Hakuna pepo wala mzimu aliyepata kuumba hata jani moja.

Maandiko Matakatifu yanatufundisha waziwazi juu ya jambo hili. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, tunaelezwa kwamba dawa zatoka katika ardhi kwa mapenzi ya Mungu, na kwamba mtu mwenye akili hazidharau. Sura hiyo hiyo yamwagiza mgonjwa amwombe Mungu na kuacha dhambi, kisha ampe tabibu nafasi yake. Uangalieni vema utaratibu huo. Sala haimfukuzi tabibu, wala tabibu haifukuzi sala.

Tena twasoma kwamba nabii Isaya aliagiza tini zibandikwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, naye mfalme akapona. Msamaria mwema alitia mafuta na divai katika majeraha ya yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Mtume Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa sababu ya tumbo lake. Naye Mtakatifu Luka, aliyeandika Injili, alikuwa tabibu.

Hata Kanisa linapowapaka wagonjwa katika Sakramenti yao, hutumia mafuta yaliyotoka katika mimea. Zamani yalikuwa ya mzeituni tu. Mwaka 1972 Papa Paulo VI aliruhusu mafuta ya mimea mingine kwa ajili ya nchi ambazo mizeituni haipatikani. Lakini tusichanganye mambo mawili. Mafuta ya Sakramenti si dawa kama majani ya bustanini. Neema yake yatoka kwa Yezu Kristu mwenyewe.

II. Mfano wa soko-mtu wa Mahale

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, iko milima ya Mahale, nayo yaitazama pwani yetu ya Kongo. Katika misitu yake wanakaa sokwe, ambao huku kwetu wengi huwaita soko-mtu. Mwaka 1987 mtaalamu mmoja jina lake Michael Huffman, pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa kabila la Watongwe aliyezijua sana dawa za msitu ule, walimfuata sokwe jike aliyekuwa mgonjwa. Mnyama huyo alikuwa amelegea, tena hakutaka kutembea. Wakamwona amekwenda penye kichaka cha mti mdogo mchungu. Watongwe huuita mjonso. Huko Kivu watu wengi huuita mubirizi. Wataalamu huuita Vernonia amygdalina.

Sokwe yule alivunja matawi machanga, akayamenya, akatupa ganda pamoja na majani. Kisha akatafuna kiini cha ndani, akameza maji yake machungu na kuzitema nyuzi. Siku iliyofuata alikuwa amepata nguvu tena. Baadaye wataalamu waliuchunguza mti huo, wakakuta ndani yake vitu vichungu vyenye uwezo wa kuwadhuru wadudu wanaoleta maradhi na kuwazuia minyoo.

Basi tujiulize: mnyama yule alitamka maneno gani ya siri? Alichinja kuku gani? Alivaa hirizi gani? Hakufanya hata moja. Jani lina nguvu yake kwa sababu Muumba ameitia humo. Mganga akuambiapo kwamba dawa yake haifanyi kazi pasipo kuitwa kwa mizimu, fahamu kwamba anakuficha nguvu ya jani, au kwamba jani lake halina nguvu yoyote.

Tena angalieni neno la pili. Sokwe hakula mti wote. Alichagua sehemu moja na kutupa nyingine, kwa maana ganda la nje na majani mabichi ya mti ule yana vitu vikali vyenye sumu. Hata sisi watu, tulapo majani hayo kama mboga, huyafikicha katika maji na kuyapika kwanza. Dawa njema ina sehemu yake na kipimo chake. Neno hili la kipimo tutalirudia.

III. Mganga wa majani na mfumu si kitu kimoja

Huku vijijini watu husema «mganga», wakichanganya watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayeijua mimea. Anaweza kukuonyesha jani, kukutajia jina lake, na kukueleza namna ya kulichemsha. Wa pili ni mfumu, yaani mlaguzi. Huyu hutafuta kwa mizimu kujua ni nani «aliyekula» mgonjwa, huuza hirizi, hudai kafara, naye hutaja jina la jirani.

Amri ya kwanza yatuagiza kumwabudu Mungu mmoja tu na kumtumainia yeye. Kwa hiyo kuagua, kufanya uganga wa mizimu na kuvaa hirizi ni dhambi kubwa, hata mtu akisema kwamba afanya hivyo kwa ajili ya kuponya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yasema juu ya jambo hili katika namba 2117. Yafundisha kwamba kutafuta tiba za jadi hakumpi mtu ruhusa ya kuziita nguvu za uovu, wala ya kujitajirisha kwa ujinga wa wenzake. Haiwakatazi watu majani. Makosa inayoyakataza ni mawili: kuomba nguvu kwa shetani, na kumdanganya maskini.

Nanyi siku ya ubatizo wenu mtaulizwa mbele ya watu wote kama mnamkataa shetani na kazi zake. Mtu atawezaje kujibu kwa sauti kubwa kwamba amkataa, huku hirizi imefungwa kiunoni chini ya nguo yake nyeupe?

Tuchukue mfano. Tuwaze nyumba mbili zilizo jirani. Usiku mmoja, katika kila nyumba, mtoto ameshikwa na homa kali. Katika nyumba ya kwanza mama amnywesha mtoto maji na kumpangusa kwa kitambaa chenye maji. Alfajiri baba ampeleka kituo cha afya. Mwuguzi apima damu, aona malaria, atoa dawa. Bibi naye apika uji na chai ya mchaichai ili mtoto apate nguvu. Wote wanasali. Baada ya siku chache mtoto acheza uani.

Katika nyumba ya pili baba aenda kwa mfumu. Siku ya kwanza aombwa kuku. Siku ya pili aombwa fedha. Siku ya tatu aambiwa kwamba mjane mzee anayekaa karibu ndiye mchawi. Mjane huyo ndiye aliyewapa unga wakati wa njaa. Sasa mtoto ameshikwa na degedege, na vijana wa kijiji wamekwenda kumchomea yule mjane nyumba yake. Mtoto akifa, wamepotea wawili. Mtoto akipona, bado mtu asiye na kosa amepoteza makao yake. Na ugonjwa wenyewe uliletwa na nini? Uliletwa na mbu. Mbu ndiye aliyeuma katika nyumba zote mbili. Lakini katika nyumba ya pili uongo nao umeuma, na jeraha lake litakaa miaka mingi kuliko homa.

Hapa si Amri ya kwanza peke yake iliyovunjwa. Amri ya tano imevunjwa, ile inayolinda uhai. Amri ya nane imevunjwa, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Tena sheria ya nchi yetu imevunjwa pale wanaposingiziwa watoto. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yakataza kuwashtaki watoto uchawi, nayo sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto yaweka adhabu kwa afanyaye hivyo. Mkatekumeni asimtaje mtu yeyote kuwa mchawi, wala asiwasikilize wanaotaja.

IV. Dawa njema ina kipimo

Wengine watasema: «Mimi siendi kwa mfumu. Natumia majani tu. Basi sina hatari.» Polepole, ndugu. Amri ya tano yatuagiza kuutunza uhai wetu na wa wenzetu. Mtu aweza kumdhuru mgonjwa kwa jani zuri lililotolewa vibaya.

Tuangalie mti wa kwinini. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 Mapadri Wajesuiti walieneza habari ya gome lake huko Ulaya ili kutibu homa, hata watu wakaliita gome la Wajesuiti. Lakini gome la mti mmoja lilikuwa na nguvu nyingi, la mti mwingine kidogo, na mganga hakuweza kujua tofauti kwa macho. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga kwinini yenyewe kutoka katika gome. Tangu hapo iliwezekana kuipima. Nanyi mwajua kwamba mti huo hupandwa katika milima ya Kivu, na kwamba kwinini imetengenezwa Bukavu. Kipimo ni jambo kubwa, kwa sababu kwinini ikiwa chache, malaria hairudi nyuma. Ikizidi, masikio huvuma, na mtu aweza kupoteza usikivu au hata kuona.

Vivyo hivyo kwa artemisia, ambayo siku hizi watu wengi huipanda karibu na nyumba. Kutoka mmea huo mama mmoja wa China, Tu Youyou, pamoja na wenzake, walipata mwaka 1972 dawa kubwa ya malaria, naye akapewa tuzo la Nobel mwaka 2015. Je, basi inatosha kunywa chai ya majani yake? Shirika la Afya Duniani lajibu kwamba haifai kuitegemea. Katika chai dawa ni chache, tena kipimo chake hubadilika kila mara. Homa yaweza kushuka siku mbili tatu huku wadudu wa malaria wakibaki katika damu. Kisha wanarudi, na waliobaki waweza kuzoea dawa, hata vidonge navyo vikapungua nguvu kwa kijiji chote. Dawa tunayopewa katika kituo cha afya imepimwa, tena imechanganywa na dawa ya pili ili wadudu wasipate njia. Nchi yetu ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Haifai tuufanyie mchezo ugonjwa huo.

Yako mambo mengine matatu ambayo lazima tuyaache. La kwanza ni kumpiga mtoto mchanga bomba la majani, yaani kumtia dawa kwa njia ya nyuma. Matumbo yake ni membamba na laini. Dawa kali yaweza kuyachoma, na maji ya mwili yakampungukia. La pili ni kumpa mama mwenye mimba dawa za kuharakisha uzazi. Dawa hizo zaweza kukaza tumbo la uzazi kwa nguvu hata likapasuka, mama na mtoto wakafa. La tatu ni kumficha mwuguzi majani mliyokwisha kumpa mgonjwa. Mwambieni kweli, kwa maana dawa mbili zaweza kupigana mwilini.

Tena kuna dalili ambazo zikionekana kwa mtoto, msikae kuchemsha majani. Mbebeni upesi, hata kama ni usiku: hawezi kunyonya wala kunywa, atapika kila kitu, ashikwa na degedege, amelegea na hajitambui, apumua kwa shida. Hapo kila saa ina thamani.

V. Majani yanayofaa nyumbani

Baada ya maonyo hayo tusibaki na hofu. Yako magonjwa madogo ambayo familia yaweza kuyatunza yenyewe kwa vitu vya shambani na bustanini.

Kwa kikohozi na mafua: maji ya moto yenye tangawizi iliyopondwa, ndimu na asali hutuliza koo. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipewe asali, kwa kuwa yaweza kuwa na vijidudu vyenye sumu kali kwa watoto wachanga. Na mtu akikohoa kupita majuma 2, aende kupimwa kifua kikuu.

Kwa kuhara: majani machanga ya mpera, yakichemshwa, hukaza tumbo. Walakini anayehara hafi kwa kuhara kwenyewe. Hufa kwa kukaukiwa na maji. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji ya kunywa yaliyotengenezwa hivi: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Koroga mpaka viyeyuke, umpe mgonjwa kidogo kidogo mara nyingi. Mama asiache kunyonyesha. Na kuhara kukiwa kama maji ya mchele, kuna hofu ya kipindupindu, ambacho hakikauki katika vijiji vya kandokando ya maziwa yetu. Mpelekeni mgonjwa mara moja, huku akinywa maji hayo njiani.

Kwa moto mdogo juu ya ngozi: kwanza mimina maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Baadaye waweza kupaka ute mweupe wa ndani ya jani la shubiri. Maji ya njano yaliyo chini ya ganda lake usiyanyweshe mtu ovyo, maana huharisha sana, na mama mwenye mimba asiyanywe kabisa. Jeraha la moto likiwa kubwa, au likiwa usoni, liende hospitali.

Haya ni machache, nami nimeyachagua kwa sababu yanajulikana vema. Usichume jani kwa sababu tu linafanana na lile unalolijua. Mimea mingi hufanana kwa sura, na mmoja wao waweza kuwa sumu. Muulize mzee anayeujua, na kama hana hakika, liache.

VI. Kuchuma kwa adabu

Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Hakumpa ruhusa ya kuiharibu. Katika milima ya Kivu uko mti mkubwa ambao wataalamu huuita Prunus africana. Gome lake hutengenezwa dawa kwa wanaume wazee wanaokojoa kwa shida, nalo limenunuliwa sana na watu wa Ulaya. Kwa tamaa ya fedha watu waliimenya miti hiyo pande zote, ikakauka ikiwa imesimama. Tangu mwaka 1995 biashara ya gome hilo kati ya mataifa yasimamiwa kwa mkataba, ili mti huo usimalizike.

Kwa nini mti hufa? Kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kwa njia ya gome la ndani. Ukilikata gome kuuzunguka mti, umeikata njia hiyo, na mizizi yafa kwa njaa. Basi chuma majani kuliko mizizi, kama majani yanatosha. Gome lichukuliwe upande mmoja tu, kipande kidogo, na mti upewe muda wa kupona. Na mmea unaotumiwa kila siku, upandwe karibu na nyumba. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliwakumbusha wakristu wote kwamba dunia ni nyumba yetu sote, tena ni ya wale watakaozaliwa baadaye.

Jambo jingine ni hili: ujuzi wa dawa usizikwe pamoja na mzee. Wapo wanaoficha jina la jani ili watu waendelee kulipa. Watakatifu Kosma na Damiani, ambao sikukuu yao ni tarehe 26 Septemba, walikuwa matabibu, nao wanakumbukwa kwa sababu hawakupokea fedha za wagonjwa. Si vibaya mganga mwaminifu kupewa chakula au ujira wa haki kwa taabu yake. Lakini kumfanya mgonjwa auze mbuzi wake wote kwa ajili ya siri, huo ni wizi. Mwonyeshe mtoto wako jani, sehemu itumikayo na kipimo chake, pamoja na hatari yake.

VII. Katekista aliyekuwa tabibu

Ng'ambo ya ziwa, kuelekeana na Mpala yetu, iko misioni ya Karema. Vituo hivyo viwili vilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe katika mwaka mmoja, 1885. Huko Karema aliishi Adriano Atiman. Alizaliwa katika nchi inayoitwa leo Mali. Alipokuwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani, kisha Mapadri wakamkomboa. Wakampeleka kusomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, naye akafanya kazi hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka hiyo yote alikuwa katekista na tabibu pamoja. Alikuwa mume mwenye nyumba, na mwana wake akawa padri.

Kumbukeni jambo hilo mnapodhani kwamba dini na dawa hukaa mbali. Mkono ule ule uliofungua katekisimu ulifunga na majeraha. Atiman hakuona sababu ya kuchagua moja na kuliacha la pili, wala ninyi hamwitwi kuchagua hivyo.

Basi mtu akikupa dawa, jiulize maswali matatu. Kwanza: dawa hii ni mmea gani, na kipimo chake ni kipi? Pili: je, pamoja nayo naombwa kuita mizimu, kuvaa hirizi au kumshtaki mtu? Tatu: je, yamchelewesha mgonjwa asifike kwa wauguzi? Kama mmea wajulikana, na hakuna uovu wala hatari ya kuchelewa, uitumie kwa shukrani. Kama jibu la mojawapo ni baya, iache bila hofu, hata kama anayekupa ni mjomba wako. Mkatalie kwa heshima, na kwa maneno machache.

Maulizo na majibu

1. Ni nani aliyeumba mimea ya dawa?
Mungu Mwenyezi aliiumba, kwa ajili ya faida ya watu na viumbe vyake.

2. Je, mkristu aweza kutumia majani ya dawa?
Ndiyo, akiyajua vema na kufuata kipimo, tena pasipo kuongeza jambo lolote lililokatazwa na Mungu.

3. Ni mambo gani yaliyokatazwa?
Kuagua, kuita mizimu, kutoa kafara, kuvaa hirizi na kuwasingizia watu uchawi.

4. Je, anayesali aweza kuacha kwenda kutibiwa?
La. Tunamwomba Mungu, tena tunatumia msaada aliotuwekea kwa mikono ya waganga na wauguzi.

5. Mtoto akipata homa kali, yatupasa kufanya nini?
Yatupasa kumpeleka upesi kituo cha afya akapimwe damu na kupewa dawa iliyopimwa.

6. Twamheshimuje Mungu tunapochuma dawa?
Kwa kuchukua kiasi kinachotosha, kutoua mti, kupanda mingine na kuwafundisha wenzetu bila choyo.

Azimio la juma hili

Kila mkatekumeni apande nyumbani kwake mmea mmoja wa dawa anaoujua vema. Mwenye hirizi ailete kwa Padri au kwa katekista, wala asione haya. Na kama yuko mjane au mtoto aliyesingiziwa uchawi katika kijiji chenu, mmoja wenu aende kumsalimu na kumchotea maji, watu wote wakiona.

Sala

Ee Mungu Muumba wetu, twakushukuru kwa majani na miti uliyotupa. Utufundishe kuitumia kwa akili na kuitunza kwa upendo. Uwasaidie wagonjwa wetu na wote wanaowauguza. Utuokoe na hofu ya wachawi, na ulimi wetu usimdhuru jirani. Utufikishe salama kwenye maji ya ubatizo. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.